Sitaha Huanza Kufa Inapogusa

Juu ya kilima cha Sonoma, kaskazini mwa San Francisco, kuna sakafu ya mbao iliyotobolewa makusudi ili mialoni ipite. Mashina yanachomoza katikati ya mbao, matawi yanatandaza kivuli juu ya viti, na chini ya sakafu kilima kinaendelea kuteremka kama kilivyokuwa kabla ya fundi kufika. Bustani hiyo ya familia ya Donnell ilikamilika mwaka 1948, hata kabla nyumba yenyewe haijajengwa. Aliyeibuni ni Thomas Church, akiwa na Lawrence Halprin, aliyekuwa bado kijana katika ofisi yake, na msanifu majengo George Rockrise. Wanaoisifu bustani hii kwa kawaida huanza na bwawa la kuogelea lenye umbo la figo na sanamu ya Adaline Kent iliyosimama katikati ya maji. Mimi naanza na yale matundu ya sakafuni, kwa sababu ndiyo yanayoeleza jinsi kazi ilivyofikiriwa.

Nitaiita sakafu hiyo sitaha, kwa neno la mabaharia. Deki kwetu imeshapata kazi nyingine, ile ya ndoo na tambara.

Mwenye kiwanja cha mteremko anayetaka mahali bapa pa kukaa ana njia tatu. Anaweza kukata kilima. Anaweza kujenga ukuta upande wa chini na kujaza kifusi nyuma yake. Au anaweza kusimamisha nguzo na kuilaza sakafu hewani. Njia mbili za kwanza zingeimaliza ile mialoni. Mizizi inayoulisha mti iko karibu na uso wa ardhi, ambako hewa inafika. Ukiikata mti unanyauka, na ukiifukia kwa kifusi unakosa pumzi. Tena mwaloni wa pwani ya California umezoea kiangazi kikavu. Shina lake likizungukwa na udongo wenye unyevu mwaka mzima, kuvu hushambulia pale pale linapotoka ardhini, na mti mkubwa unaweza kufa polepole huku mwenyewe akiendelea kuumwagilia kwa mapenzi.

Nguzo chache hugusa ardhi mahali pachache. Hiyo ndiyo hesabu ya sitaha, na kwangu mimi ndiyo roho yake. Church aliweka zege ya miraba kuzunguka bwawa palipokuwa na ardhi imara, na mteremko ulipoanza akaacha zege na kuendelea kwa mbao za redwudi, akifuata miraba ile ile. Mtu anatembea kutoka kwenye zege hadi kwenye mbao bila kupanda wala kushuka, na ni sauti ya nyayo tu inayomwambia kwamba sasa yuko juu ya hewa.

Katika miongo iliyofuata sitaha ikawa kitu cha kawaida nyuma ya nyumba za Marekani, na kadiri ilivyoenea ndivyo ile hesabu ya kugusa kidogo ilivyosahaulika. Sitaha ya kawaida haisimami peke yake kama ile ya Sonoma. Upande mmoja inabebwa na nguzo na mhimili. Upande wa pili inaning'inia kwenye ubao mmoja uliofungwa ukutani mwa nyumba. Boriti, ambazo hupangwa kila baada ya sentimita 40 hivi, zinatoka kwenye ubao huo hadi kwenye mhimili, na mbao za kukanyagia zinalazwa juu yake. Ni rahisi, na huokoa nguzo mbili au tatu.

Tupige hesabu. Kipimo cha Marekani kwa sitaha ya nyumbani ni pauni 40 za watu na vitu kwa kila futi mraba, yaani takriban kilo 195 kwa mita mraba. Ongeza kilo 50 za mbao zenyewe. Sitaha ndogo ya mita 4 kwa 3 inapaswa kuweza kubeba karibu kilo 2,940, na ikiwa mhimili uko ukingoni upande wa nje, nusu ya mzigo huo, kilo 1,470, iko kwenye ule ubao wa ukutani. Sasa fikiria ubao huo umepigwa misumari tu. Msumari unavumilia vizuri mzigo unaoukata kwa upande, lakini ni dhaifu sana mzigo unapouvuta utoke. Na watu hawatulii kama magunia: wanacheza, wanaegemea ukingo pamoja, wanajazana upande mmoja kupigwa picha. Sakafu inayumba, na kila inapoyumba inauvuta ubao kutoka ukutani kidogo kidogo. Ndiyo maana bolti za unene wa nusu inchi au skrubu nene za kazi hiyo si anasa. Hupangwa moja juu, moja chini, kwa zamu, kwa sababu zikikaa katika mstari mmoja ubao unaweza kupasuka kufuata nyuzi zake.

Hata bolti nzuri haisaidii ikiwa imeshika mti uliooza, na kuoza ndilo jambo ambalo ningetaka kila fundi alikeshee. Maji ya mvua yanateremka ukutani na kuingia kati ya ubao na nyumba. Pale hayana jua wala upepo wa kuyakausha. Kinga yake ni kipande cha bati kilichokunjwa, kinachoingia nyuma ya ngozi ya ukuta upande wa juu na kutoka mbele ya ubao upande wa chini, ili maji yasipate njia ya kurudi ndani. Kwa bei ni kitu kidogo kuliko vyote katika sitaha nzima, na kikishafunikwa hakionekani tena. Pengine ndiyo sababu kinasahaulika.

Mji wa Berkeley, ng'ambo ya ghuba kutoka San Francisco, ulilipa gharama ya maji yaliyofungiwa tarehe 16 Juni 2015. Baraza la ghorofani lilivunjika wakati wa sherehe, vijana 6 wakafa na 7 wakajeruhiwa, wengi wao wanafunzi kutoka Ayalandi waliokwenda kufanya kazi za kiangazi. Jengo halikuwa limetimiza hata miaka 10. Boriti za baraza hilo zilitoka ndani ya jengo na kuning'inia nje bila nguzo, zikiwa zimefunikwa juu na chini. Maji yalipenya yakafungiwa humo, na mbao zikaoza mahali ambapo hakuna jicho lingeziona. Baraza la ghorofani si sitaha ya uani, lakini ugonjwa ni mmoja: mti, ukuta na maji katika chumba kisicho na hewa. Mwaka 2018 California ilipitisha sheria ya kukagua mabaraza na ngazi za namna hiyo kila baada ya miaka 6, katika majengo yenye nyumba 3 au zaidi za kupanga.

Sisi wa pwani tunaujua ugonjwa huu kwa sura nyingine. Nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar zina dari zilizolazwa juu ya boriti za mikoko, na ncha za boriti zimezikwa ndani ya kuta za mawe ya matumbawe na chokaa. Paa likianza kuvuja, katikati ya boriti hukauka kwa upepo wa chumbani, ilhali ncha zilizo ukutani zinabaki na unyevu. Ndizo zinazooza kwanza. Boriti inaweza kuonekana nzima machoni pa mwenye nyumba aliyelala chini yake, kumbe mwisho wake umekuwa unga.

Kuna jambo la dawa pia, na hapa Wamarekani walijikwaa kwa namna inayofundisha. Kwa miaka mingi mbao za misonobari za sitaha zilitiwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki. Hutiwa ndani ya tangi la chuma: hewa inafyonzwa kwanza kutoka kwenye mti, kisha dawa inasukumwa kwa shinikizo. Mwishoni mwa mwaka 2003 viwanda viliacha kuitumia dawa hiyo kwa mbao za nyumbani, kwa hofu ya aseniki, hasa kwa watoto wanaocheza juu ya mbao hizo. Dawa mpya zikaja na shaba nyingi zaidi. Shaba ikikutana na chuma cha kawaida au na alumini penye unyevu, hivyo ndivyo vinavyoliwa. Fundi aliyebadilisha mbao bila kubadilisha misumari alikuwa amefunga sitaha kwa kitu kilichoanza kuisha siku ile ile, na aliyekunja bati la alumini nyuma ya ubao alikuwa ameweka kinga itakayotoboka. Tangu hapo kazi inataka misumari na bolti zilizochovywa katika zinki ya moto, au chuma kisichoshika kutu.

Anayetaka sitaha uani kwake Arusha au Nairobi atakutana na dawa ile ya zamani kwenye nguzo za mikaratusi, zile tunazozoea kuziona zikibeba nyaya za umeme. Zinadumu. Lakini ziwe miguu, zisiwe sakafu ya kutambaliwa na mtoto, na vipande vilivyokatwa visipelekwe jikoni kuwa kuni, kwa sababu aseniki inakwenda na moshi na kubaki kwenye majivu. Kwa sakafu, mvule unastahimili mvua na jua bila dawa yoyote. Na mguu usizikwe udongoni: usimame juu ya kigingi cha zege kinachopanda juu ya ardhi, ukiwa umeshikwa na kiatu cha chuma. Zege haimzuii mchwa kupanda. Inamlazimisha ajenge njia yake ya udongo nje, mahali unapoweza kuiona na kuivunja. Kule Chicago msingi wa namna hiyo huchimbwa zaidi ya mita 1, ushuke chini ya udongo unaoganda wakati wa baridi, maana udongo ukiganda huinuka na nguzo nayo ikainuka. Sisi tuna bahati hapo.

Kwa hiyo ningeombwa kubuni, ningeanza kwa kuuacha ukuta wa nyumba peke yake. Sitaha ipewe safu yake ya nguzo karibu na nyumba, na kati yake na ukuta kuwe na upenyo ambao maji na majani makavu yanapita. Kwa kuwa haina nyumba ya kuishika isiyumbe, ifungwe mikingamo ya mshazari kati ya nguzo na mhimili. Gharama inaongezeka kwa nguzo chache, na hatari kubwa kuliko zote inaondoka. Kisha ningeishusha. Kanuni za Marekani zinadai ukingo pale sakafu inapopita inchi 30 juu ya ardhi, karibu sentimita 76. Ukingo huo uwe na kimo cha inchi 36, na fito zake zikaribiane kiasi kwamba mpira wa kipenyo cha inchi 4 usipite, kwa ajili ya vichwa vya watoto. Sitaha isiyopita zile inchi 30 inaweza kukaa bila uzio, na aliyeketi anaona bustani yote. Kwenye mteremko, sitaha mbili za chini zilizopishana kwa vidato vipana vya kukalia hunipendeza kuliko moja ndefu iliyozungushiwa fito.

Kati ya mbao za kukanyagia kuwe na mwanya wa milimita 3 au zaidi kidogo zikiwa kavu. Zikija zimelowa dawa zibananishwe, kwa kuwa zitakapokauka zitajipatia mwanya wenyewe.

Na kama kuna mti, ubaki. Boriti ambayo ingepita kwenye shina hukatwa, na ncha zake zikabebwa na vipande vifupi vilivyolazwa kati ya boriti jirani. Shina lenyewe lisifungwe bolti wala kuegemezwa kitu, kwa sababu mti hutikisika kwa upepo, na ubao unaougusa utakwangua gome na kufungua kidonda. Vile vipande vifupi vikae mbali na shina kuliko mbao za juu, ili mbao za juu zivuke kidogo zikiwa huru. Mti utanenepa. Siku gome likikaribia ukingo wa tundu, mwenye nyumba apige magoti na msumeno mdogo, akate mviringo mpya wenye upana wa vidole viwili zaidi, na boriti zilizo chini zisiguswe.