Kuutambua Unga Bora wa Viungo Vilivyokaushwa Nyumbani

Ubora wa unga wa kiungo huamuliwa kabla ya kusaga. Nyanya, tangawizi, kitunguu saumu, uyoga, pilipili au dagaa vikishapita kwenye blenda, alama nyingi za kazi iliyofanyika hufutika: kipande kilichoungua huchanganyika na kilichokauka vizuri, na chenye unyevu hupotea katikati ya vikavu. Kwa hiyo anayevijua viungo hivi huomba kwanza kuviona vipande vyenyewe. Akiletewa unga mtupu, hutumia macho, pua, maji na ulimi mpaka ajue vipande hivyo vilikuwaje.

Kipande kilichokauka sawasawa huvunjika. Majani husagika yakipekechwa kati ya vidole, na tangawizi na kitunguu saumu hukatika kwa mlio. Nyanya ina tabia yake kwa sababu ya sukari iliyomo: ikitoka kwenye kikaushio na joto lake hukunjika bila kukatika hata kama imekauka kau, hivyo haihukumiwi mpaka ipoe kabisa. Baada ya kuvunja, hutazamwa ndani. Rangi inatakiwa iwe moja kutoka ukingoni hadi katikati. Kiini kilichokoza kuliko kando na kinachonata kwenye ukucha huonyesha kwamba joto la mwanzoni lilikuwa kali mno, sehemu ya nje ikakakamaa na kuyafungia maji ndani. Kosa hili hutokea sana kwa wanaotumia oveni na wenye haraka. Kinga yake ni kukata vipande vyembamba vya unene mmoja, milimita 3 hadi 5, na kutumia joto la wastani: nyuzi 35 hadi 45 za Selsiasi kwa majani yenye harufu, nyuzi 50 hadi 60 kwa mboga.

Mizani nayo husema mengi. Nyanya mbichi ni maji kwa karibu asilimia 95, uyoga karibu 90, tangawizi karibu 80, na kitunguu saumu karibu 60. Ndiyo maana kilo 1 ya nyanya hutoa gramu 50 au 60 tu za unga. Mtu akidai kupata gramu 150 kutoka kilo hiyohiyo, ama nyanya zake hazijakauka, ama ameongeza wanga. Kuongeza wanga kidogo ili unga usigande kunakubalika endapo kumesemwa wazi. Kuongeza wanga ili unga uwe mwingi ni kumwibia mpishi.

Hali ya hewa ya mahali huacha alama yake kwenye unga. Dodoma, hewa ni kavu kwa sehemu kubwa ya mwaka na jua linatosha kukausha tangawizi kwa siku chache. Zanzibar, Mombasa na mwambao wote hewa hubeba unyevu, na wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, vipande vilivyoanikwa huweza kuota ukungu kabla ya kukauka. Hapo ndipo kikaushio cha jua kinapohitajika: sanduku lenye nailoni angavu juu, tundu la hewa chini na jingine juu. Kisicho na tundu la juu huivisha chakula kwa mvuke, na mboga zake hutoka na rangi ya kuchemshwa. Jua la moja kwa moja lina hasara nyingine, kwani hupausha rangi. Majani yaliyoanikwa kivulini penye upepo hubaki ya kijani, ilhali yaliyoachwa juani huwa na rangi ya nyasi za kiangazi na karibu harufu ileile.

Kati ya kukausha na kusaga kuna hatua inayorukwa mara nyingi. Vipande vilivyopoa huwekwa kwenye chupa ya kioo, chupa isijazwe pomoni, kisha hufunikwa na kutikiswa kila siku kwa muda wa juma moja. Unyevu uliobaki kwenye vipande vinene huhamia kwenye vyembamba na vyote hulingana. Mvuke ukionekana kwenye kioo, vipande vyote hurudishwa kwenye kikaushio. Unga wa mtu asiyeruka hatua hii hutambulika miezi kadhaa baadaye, kwa kuwa bado humiminika.

Ukungu hauna mjadala. Vipande vyenye vidoa vya kijani, vyeusi au vya utando mweupe hutupwa, na unga wenye harufu ya uvundo hauonjwi hata kwa ncha ya ulimi. Baadhi ya ukungu unaopenda nafaka na viungo hutoa sumu ya aflatoksini, ambayo haiondoki kwa kukaanga wala kuchemsha. Mwaka 2004 sumu hii iliua watu 125 mashariki mwa Kenya waliokula mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Pilipili, tangawizi na manjano viko katika hatari hiyohiyo, na Umoja wa Ulaya umeviwekea kikomo cha mikrogramu 10 za aflatoksini zote kwa kila kilo. Jikoni hakuna kipimo cha sumu hiyo. Kilichopo ni kukausha upesi na kukataa chochote chenye shaka.

Katika viungo vyote, kitunguu saumu ndicho kinachomfichua mkaushaji kwa urahisi zaidi. Punje nzima haina harufu kali. Ukali huzaliwa inapokatwa au kupondwa, kimeng'enya kiitwacho aliinasi kinapokutana na aliini na kutengeneza alisini. Vipande vikikaushwa kwa nyuzi 50 hivi, sehemu kubwa ya kimeng'enya hicho hubaki nzima ikisubiri maji. Basi nusu kijiko cha chai cha unga huwekwa kwenye kisahani na kudondoshewa matone ya maji ya uvuguvugu. Ukiwa mkavu, unga hunukia kwa upole tu. Ukilowa, baada ya dakika moja au mbili harufu hupanda na kuchoma pua, ileile ya kitunguu kilichopondwa sasa hivi kinuni. Unga uliounguzwa haubadiliki hata ukilowa; hunukia mkate uliobabuka na huacha uchungu nyuma ya ulimi. Maji yanayochemka hayafai kwa jaribio hili, maana hukiua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi. Kwa sababu hiyohiyo mpishi hodari huulowesha unga huu kwa maji baridi dakika chache kabla ya kuutia kwenye mafuta. Kwa macho, unga mzuri ni mweupe wa maziwa au wenye umanjano hafifu. Wa kahawia umeungua au umezeeka.

Tangawizi huenda kinyume: ukavu huizidishia ukali. Jinjeroli ya tangawizi mbichi hugeuka shogaoli inapokauka, na shogaoli ni kali zaidi kwenye ulimi. Unga mzuri huanza na harufu inayokaribia ya limau, kisha moto hufika kooni taratibu na kukaa. Ukichoma bila kunukia, mafuta yake ya harufu yamekwisha, kwa joto kali au kwa umri. Tangawizi ya kusaga iwe imekomaa shambani, miezi 8 au 9, kwa kuwa changa ni maji mengi na nguvu kidogo. Kwa upande mwingine iliyokomaa ina nyuzi, na nyuzi hizo zikionekana kwenye unga ni ishara kwamba vipande vilikatwa kwa urefu wake badala ya kukingamishwa, au chekeche halikutumika. Ganda hukwanguliwa kwa juujuu tu, kwani sehemu kubwa ya harufu imekaa karibu nalo.

Unga wa pilipili hupimwa kwa mafuta. Wekundu wa pilipili huyeyuka kwenye mafuta na si kwenye maji, kwa hiyo chembe chache zikitiwa kwenye mafuta ya moto kidogo huyapaka rangi mara moja, ilhali kwenye glasi ya maji unga bora huelea na kushuka polepole bila kuyafanya mekundu. Maji yanayogeuka mekundu ghafla yanadokeza rangi ya kuongezwa. Hata hivyo jaribio hili halikamati kila udanganyifu. Rangi ya viwandani iitwayo Sudan I, iliyogunduliwa Ulaya mwaka 2003 kwenye unga wa pilipili na mwaka 2005 ikasababisha mamia ya bidhaa kuondolewa madukani Uingereza, nayo huyeyuka kwenye mafuta, na maabara pekee ndiyo huitambua. Hiyo ni sababu nzito ya kujisagia mwenyewe. Vitone vingi vya njano ni mbegu, ambazo hupunguza rangi na kuongeza uzito. Ukali wa pilipili haumo ndani ya mbegu hizo, umo kwenye utando mweupe unaozishika.

Unga wa nyanya ndio mgumu kuliko yote, na unastahili heshima unapotoka vizuri. Rangi yake ni ya tofali jipya. Ukielekea kahawia, sukari imeungua na utamu umechukuliwa na uchungu. Kijiko kimoja kikikorogwa na vijiko vitatu vya maji ya moto na kuachwa dakika tano, kinapaswa kurudi kuwa rojo zito lenye uchachu hai. Unga uliokaushwa kupita kiasi hubaki chembechembe chini ya kikombe na maji mepesi juu. Kuganda mabonge kwa unga huu hakumaanishi umeharibika, kwa kuwa hunyonya unyevu wa hewa haraka kuliko mwingine wowote. Bonge linalosagika kwa kidole linasameheka, lisilovunjika au lenye harufu ya uchachu wa kuoza halisameheki. Mwambaoni ni busara kuhifadhi vipande na kusaga vya juma moja tu.

Uyoga na dagaa hutumika kutia supu kina ambacho chumvi peke yake haiwezi kukitia. Mwaka 1908 mkemia wa Japani Kikunae Ikeda alitambua kwamba glutamati ndiyo chanzo cha ladha hiyo kwenye mwani wa kombu, na mwaka 1913 Shintaro Kodama akakuta inosinati kwenye samaki mkavu wa katsuobushi. Viwili hivi vikikutana, ladha huwa kubwa kuliko jumla yake. Nyanya iliyoiva ina glutamati na samaki mkavu ana inosinati, na hapo inaeleweka kwa nini mchuzi wa nyanya ukinyunyiziwa unga wa dagaa kidogo huonekana kana kwamba umepikwa kwa nyama.

Unga wa dagaa hata hivyo una maadui wawili, mchanga na mafuta. Dagaa wa Ziwa Victoria wakianikwa juu ya mchanga wa ufukweni huondoka nao, wakati walioanikwa kwenye vichanja hubaki safi na wenye mng'ao wa fedha. Mchanga hufichuka unga ukikorogwa kwenye glasi ya maji na kuachwa utulie: hukaa chini kabisa, mzito, na hulia kwenye meno. Mafuta ya samaki nayo huchacha upesi. Unga wa dagaa wenye umanjano na harufu ya mafuta ya taa kuukuu umekwisha muda wake hata kama umekauka vizuri. Husagwa kidogo kidogo, baada ya kutoa vichwa na matumbo yanayotia uchungu, na huwekwa kwenye friji.

Si kila kitu kinastahili kusagwa. Majani ya giligilani yakikauka hupoteza karibu kila kinachowafanya watu wayapende, na unga wake ni rangi tu. Ndimu, kinyume chake, hupata tabia mpya: huko Oman na nchi za Ghuba huchemshwa kwenye maji ya chumvi na kukaushwa juani mpaka ziwe nyeusi, kisha husagwa kwa ajili ya mchuzi wa samaki na nyama. Unga wake mzuri ni mchachu na una harufu ya moshi ingawa haukupita motoni. Ukiwa mchungu mno, mbegu hazikutolewa.

Kusaga kwenyewe kunahitaji subira. Blenda ikizungushwa mfululizo hupata joto, na joto hilo huchukua harufu. Mtu akinusa tangawizi jikoni kote wakati wa kusaga ajue inapungua chupani. Mashine huwashwa kwa sekunde chache, huzimwa, hupoa. Unga ukipoa huchekechwa, na machicha hurudi kusagwa. Wa supu uwe laini kiasi cha kupita kwenye kichujio cha chai, wa kupaka nyama ya kuchoma unaweza kuwa na chembe. Kwenye mchanganyiko, chembe za ukubwa tofauti hutengana: chupa ikitikiswa na tabaka la unga laini likajikusanya chini, kila kijiko kitakuwa na ladha yake. Chumvi itiwe jikoni na si chupani, kwa kuwa huvuta maji na kufunika dosari za viungo vingine.

Chupa ya kioo yenye mfuniko wa kukaza, ndani ya kabati, mbali na jiko, hutosha. Unga mwingi uliokuwa mzuri huharibiwa na mkono wa mpishi anayeunyunyiza kutoka chupani moja kwa moja juu ya sufuria inayochemka, mvuke ukaingia. Kijiko kikavu ndicho sahihi.

Kipimo cha mwisho hufanyika juu ya chakula kisicho na ladha kubwa, wali mweupe au kiazi kilichochemshwa, pamoja na mafuta kidogo na bila chumvi. Unga huachwa dakika mbili ushike, ndipo huonjwa. Kiungo kilichokaushwa vizuri hutambulika jina lake bila mwonjaji kuambiwa.