Mwenye na Mwenyewe: Kuhusu Sifa za Mungu katika Kiswahili cha Teolojia ya Kikatoliki

Si jambo geni kumsikia mwalimu wa dini akiwafundisha wanafunzi wake kwamba Mungu ana sifa nyingi: ana huruma, ana haki, ana hekima, ana uwezo. Kisarufi maneno hayo hayana kasoro. Kwa teolojia ya Kikatoliki yana walakini mkubwa, nao, kama tutakavyojaribu kuonyesha, umejificha katika shina moja dogo la lugha yetu, yaani -enye.

Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano, katika hati yake ya Aprili 1870 kuhusu imani, uliziorodhesha sifa za Mungu: ni mmoja, wa kweli, aliye hai, Muumba, Mwenyezi, wa milele, asiyepimika. Lakini mtaguso haukukoma hapo. Uliongeza kwamba Yeye ni dhati moja ya kiroho, isiyo na mchanganyiko wowote wala mabadiliko. Nyongeza hiyo ndiyo inayoibeba orodha nzima. Maana yake, kama alivyokwisha kueleza Thomas Aquinas katika karne ya 13, ni kwamba Mungu hana sehemu. Hakufanyika kwa mwili na roho, wala kwa dhati na sifa zilizobandikwa juu yake. Huruma yake si kitu alicho nacho. Huruma yake ndiyo Yeye. Na haki yake vile vile ndiyo Yeye.

Sasa na tutazame Kiswahili. Vivumishi vyetu vya asili ya Kibantu ni vichache. Basi tunapotaka kumsifu mtu kwa tabia yake, aghalabu huchukua nomino, mara nyingi yenye asili ya Kiarabu, tukaitangulizia mwenye: mwenye hekima, mwenye haki, mwenye rehema. Lililokuwa neno moja katika Kilatini likawa mawili kwetu, mwenye kitu na kitu anachokimiliki. Na palipo na viwili pana uwezekano wa kutengana. Mwenye nyumba akiiuza nyumba yake hubaki mtu yule yule. Mwenye subira huweza kuishiwa nayo. Msikilizaji hana kosa akidhani kwamba Mwenye huruma naye ni vivyo hivyo.

Ni mara ngapi tumesikia mahubiri ambamo haki ya Mungu yamvuta huku na huruma yake yamvuta kule, mfano wa mawakili wawili wanaobishana mbele ya hakimu asiyejua amsikilize nani? Mfiwa aliyeketi kanisani hutoka akihofu kwamba marehemu wake aliangukia zamu ya haki. Thomas alizijadili sifa hizo mbili pamoja katika swali moja, akashikilia kwamba katika kila tendo la Mungu zimo zote mbili. Tofauti iko katika akili zetu, zisizoweza kukiona kitu kizima kwa mtazamo mmoja. Yule mfiwa, basi, ametishwa na kiungo cha sarufi.

Dawa haiko mbali. Kando ya -enye lugha yetu ina -enyewe, nalo latenda kinyume kabisa: halitenganishi, bali hukirudisha kitu kwenye nafsi yake. Mungu si mwenye huruma tu, ni huruma yenyewe. Si mwenye kweli tu, ni kweli yenyewe. Hata fikra ya Thomas iliyo ngumu kuliko zote, kwamba Mungu hakupokea kuwako kwake kutoka popote, yatamkika bila jasho: Mungu ni kuwako kwenyewe. Mfasiri anayehangaika kutafuta istilahi ya kukopa ameiacha nyumbani.

Twayatambua mapingamizi. La kwanza ni dogo: -enyewe huweza kuwa na kejeli, kama mtu aulizapo, "Gari lenyewe ndilo hili?" Muktadha hulimaliza hilo. La pili ni zito zaidi. Nani atapiga magoti mbele ya nomino dhahania? Thomas alilikabili. Jina kama "mwema", alisema, laonyesha kwamba Mungu yupo kwa hakika. Jina kama "wema" laonyesha kwamba hana mchanganyiko. Wala hakuna kati ya hayo linalotosha peke yake. Upatanisho wa Kiswahili waturuhusu kuyaunganisha katika sentensi moja: Mungu ni huruma yenyewe, naye hutusikia. Tumeingia katika ngeli ya vitu visivyo na uhai, na kwa silabi mbili tumekwisha kurudi kwa Yule aliye hai. Kwa hiyo hatudai kwamba mwenye atupwe, bali asiachwe peke yake.

Tena kuna mahali ambapo mwenye ametushindia. Mwenyezi ni mwenye enzi, na neno hilo lilikuwa vinywani mwa Waislamu wa pwani kabla ya mapadre wa Roho Mtakatifu kufungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868. Kilatini husema "awezaye yote". Kigiriki, kilichotangulia, husema "mtawala wa vyote". Makatekista wanaolieleza Mwenyezi kwa maana ya uwezo tu wanakifafanua Kilatini, ilhali Kiswahili kimesimama karibu zaidi na Kigiriki.

Limebaki jina la sifa ile ya kutokuwa na sehemu. "Urahisi" halifai, sokoni kilicho rahisi ni kile cha bei ndogo. "Usahili" nalo limekwisha kuzoeleka kwa maana ya wepesi, hali Mungu si mwepesi kufahamika. Sisi twapendelea "kutogawanyika". Litalaumiwa kwamba ni la kukanusha, lakini Thomas mwenyewe aliifungua mada hii kwa kuonya kwamba juu ya Mungu twaweza kujua asivyo kuliko alivyo. Neno la Kilatini lina sura ya kukubali na maana ya kukanusha. Katika kuto- ya Kiswahili, ukanusho huo u wazi tangu mwanzo wa neno.