"Moral" na "Morale": Tahajia ya Kiingereza na Mtego Wake kwa Wafasiri Wetu

Mwaka 1968 wanaisimu Noam Chomsky na Morris Halle walichapisha kitabu chao The Sound Pattern of English. Humo walitoa hoja ya kushangaza, kwamba tahajia ya Kiingereza, ambayo kila mwanafunzi huilalamikia, inakaribia kuwa bora kabisa. Sababu yao ni kuwa maneno ya mzizi mmoja huendelea kufanana machoni hata pale yanapoachana mdomoni. Katika "electric", "electricity" na "electrician", herufi c ni ileile, ingawa hutamkwa k, kisha s, kisha sh.

Hoja hii imeingia madarasani mwetu kwa sura ya ushauri mfupi: tazama mzizi, utapata maana. Sisi tunaofundisha tafsiri hapa Burundi tunaona kuwa ushauri huo una kasoro kubwa.

Kwanza tulinganishe na Kiswahili. Badiliko la k kuwa sh tunalo pia: pika hutupa mpishi, andika hutupa mwandishi, cheka hutupa mcheshi. Tofauti ni kwamba Kiswahili huandika kile ambacho mdomo umesema, hata kama mzizi unafichika kidogo. Kiingereza hufanya kinyume: hulinda mzizi na kumwachia msomaji kazi ya kukisia sauti. Hatusemi kwamba Kiswahili hakina dosari. Barabara ya magari na barabara yenye maana ya sawasawa huandikwa vilevile, na ni mkazo tu unaozitenganisha. Lakini jozi za namna hiyo ni chache mno, kwa kuwa mkazo wetu karibu daima hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho.

Kwa Kiingereza jambo hili ni la kila siku. Chukua "moral" na "morale". La kwanza lina mkazo mwanzoni na huhusu maadili. La pili lina mkazo mwishoni na maana yake ni ari, ule moyo wa kuendelea na kazi au vita. Vivyo hivyo "human" ni -a binadamu, ilhali "humane", yenye mkazo mwishoni, ni -enye utu na huruma. "Local" ni -a mahali fulani. "Locale" ni mahali penyewe ambapo tukio linatokea. "Urban" ni -a mjini. "Urbane" ni mtu mstaarabu, mwenye adabu za kupendeza. Jozi zote nne zinafuata mtindo mmoja: e huongezwa mwishoni, mkazo huhamia huko, na maana nayo huhama. Anayetazama mzizi peke yake ataona undugu na kupitwa na tofauti.

Kwa wanafunzi wetu mtego ni mkubwa zaidi kwa sababu ya Kifaransa walichosomea. Katika Kifaransa, "la morale" ndiyo maadili na "le moral" ndiyo ari, yaani kinyume kabisa cha Kiingereza! Kiingereza kililichukua neno hilo la ari kutoka Kifaransa, kisha kikaliongezea e ili kuonyesha kwamba mkazo uko mwishoni. Hivyo mwanafunzi anayeandika kuwa maadili ya askari yalishuka, mahali palipohitaji ari, si mzembe. Amesoma herufi kwa uaminifu, na herufi zimemdanganya. Hali ni hiyohiyo kwa "personnel", ambalo katika Kifaransa ni watumishi na pia ni binafsi. Katika Kiingereza maana ya pili ina neno lake, "personal", lenye mkazo mwanzoni. Mfasiri anayezichanganya anaweza kugeuza majalada ya watumishi kuwa majalada ya mtu binafsi, na hapo suala la nani anaruhusiwa kuyafungua limebadilika.

Mambo haya hayaishii darasani. Tangu Burundi ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, nyaraka za Kiingereza zinazohitaji Kiswahili zimetukaribia zaidi. Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 inaagiza mateka wa vita watendewe kwa namna inayotokana na neno "humane". Kuandika tu "kama binadamu" kunapunguza uzito wa agizo. "Kwa utu" ndiyo tafsiri.

Haki itendeke: Chomsky na Halle wenyewe walisema kwamba tahajia wanayoisifu ni ya msomaji ambaye tayari anaijua lugha. Kosa si lao bali ni la wale waliolichukua jibu la mzawa wa lugha wakampa mgeni. Wanafunzi wetu ni wageni wa namna ya pekee, kwani hata Kirundi chao kwa kawaida huandikwa bila alama za toni. Wamezoea kuongezea sauti wenyewe, na huongezea ile wanayoijua.

Tunapendekeza basi kwamba katika somo la tafsiri maneno haya yafundishwe kwa jozi na kwa sikio kabla ya jicho. Mwalimu asome sentensi kwa sauti, mwanafunzi aandike neno na maana yake ya Kiswahili, na baadaye ndipo wafungue kamusi. Humo watazame ile alama ndogo ya wima inayotangulia silabi yenye mkazo, ambayo wengi wao huiruka kama doa la wino.