Kangomba Si Salam: Jibu kwa Waliowausia Wastaafu wa Mtwara

Tunapenda kulijibu jambo moja linalowagusa wastaafu wetu wa Mtwara na vijiji vya ukanda wa mto Ruvuma. Katika darsa moja baada ya swala ya Isha, mzungumzaji aliwausia walimu na wauguzi waliokwisha kustaafu wasiache mafao yao yakachanganyika na riba ya benki, bali wayatie kwenye mali inayoshikika, yaani viwanja na korosho. Akatoa mfano wa Waislamu wa Marekani ambao huondoa akiba zao za uzeeni kwenye hatifungani na kununua nyumba na mashamba. Kisha akasema kwamba kumpa mkulima fedha mwezi wa pili na kupokea korosho mwezi wa kumi ni biashara ya salam, aliyoiruhusu Mtume (s.a.w.).

Hofu yake juu ya riba ni ya haki. Lakini mengine aliyoyasema hatuoni vyema kuyanyamazia, maana mle msikitini walikuwamo watu waliokuwa wamebakiwa na fungu moja tu la fedha maishani mwao.

Tuanze na mfano wa Marekani. Ni kweli kwamba tangu sheria ya mwaka 1974, Mmarekani anaweza kufungua akaunti ya kustaafu akaielekeza mwenyewe kwenye ardhi, dhahabu au biashara isiyo ya soko la hisa. Lakini sheria hiyo hiyo inamkataza kuuziana na akaunti yake mwenyewe, au kuifanya iuziane na mkewe, wazazi wake au watoto wake. Hata kulala katika nyumba iliyonunuliwa na akaunti hiyo haruhusiwi. Wenye kusoma fiq-hi hawatashangaa: kwetu Mashafii wakili hajiuzii mali aliyowakilishwa. Uhuru anaosifiwa Mmarekani una mipaka, na mzungumzaji wetu aliwafikishia wasikilizaji uhuru, mipaka akaiacha njiani.

Kwetu Tanzania mwanachama hachagui mfuko wake uwekeze wapi. Tangu mwaka 2018, mifuko ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF ilipounganishwa kuwa PSSSF, uamuzi huo ni wa mfuko. Hiari ya mtu huanza siku anapopokea mkupuo. Na mkupuo wenyewe umekuwa na mjadala mrefu wa kikokotoo: asilimia 50 kwa waliokuwa wakiipata, ikawa 33 mwaka 2022, kisha bajeti ya mwaka 2024 ikatangaza 40. Fungu likiwa dogo, tamaa ya kulizidisha upesi huwa kubwa, na Mtwara njia ya upesi inajulikana. Ni kangomba.

Kangomba, kwa asiyeijua, ni kumnunulia mkulima korosho nje ya utaratibu, mara nyingi zikiwa bado mtini, wakati ana njaa au ana ada ya mtoto. Kipimo chake ni bakuli au kopo, wala si mizani. Je, hii ni salam? Mtume (s.a.w.) alipofika Madina akawakuta watu wanatanguliza bei za matunda, aliwaamrisha kipimo kijulikane, uzito ujulikane na muda ujulikane. Ameipokea Ibn Abbas (r.a.), nayo imo katika Bukhari na Muslim. Bakuli la mnunuzi, ambalo yeye peke yake ndiye anayejua limebeba kiasi gani, limeshaanguka katika sharti la kwanza.

Na tuseme kipimo kimerekebishwa. Yupo anayesema, "Nimenunua korosho za mikorosho ya fulani, ile ya nyuma ya nyumba." Imam Nawawi katika Minhaj anaeleza kwamba salam katika matunda ya kijiji kidogo haisihi, na ya kijiji kikubwa yasihi kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Sababu yake ni kwamba shamba dogo linaweza kukosa lote. Salam ni deni lililo katika dhima ya muuzaji, wala si ahadi ya mti fulani. Na kuyanunua matunda ya mti maalumu kabla hayajadhihirika kukomaa, kwa sharti la kuyaacha mtini, kumekatazwa kwa Hadithi sahihi.

Ubaya mkubwa zaidi huja wakati wa mavuno, na hapa ndipo tungetaka maimamu waangalie kwa makini. Tuchukue mfano. Mstaafu ametoa shilingi 300,000 kwa kilo 300. Ukungu ukaingia kwenye maua, mkulima akapata kilo 200. Kilo 100 zimebaki, na thamani yake aliyoilipa mstaafu ni shilingi 100,000. Mnadani kilo inauzwa shilingi 3,000. Mstaafu anamwambia, "Basi nipe 300,000 taslimu, au mwakani unipe kilo 200." Mashafii hawaruhusu kubadilisha kilichouzwa kwa salam kwa kitu kingine kabla ya kukipokea. Mwenye haki ana mambo mawili tu: asubiri hadi kipatikane, au avunje mkataba kwa kile kilichobaki na arudishiwe 100,000 zake. Ama kuzifanya kilo 100 ziwe 200 kwa sababu ya kuchelewa, hiyo ni riba ya zama za Jahiliya yenyewe. Mtu aliyetoka benki akiikimbia riba ameipokea shambani, tena kwa jirani yake anayeswali naye safu moja. Aya ya 280 ya Suratul Baqara, inayoamrisha kumpa muda mwenye dhiki, hatukuisikia ikitajwa katika darsa lile.

Iko pia sheria ya nchi. Tangu mwaka 2007 korosho za Mtwara huuzwa kwa stakabadhi ghalani, kupitia vyama vya msingi na minada ya vyama vikuu kama MAMCU na TANECU. Novemba 2018 Rais Magufuli aliamuru Serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likazisomba. Wauzaji wakahakikiwa mashamba. Asiyekuwa na shamba la kuonyesha alikwama na magunia yake, na miongoni mwao hawakukosekana waliotia humo mafao.

Lawama hii pia ni yetu. Madrasa zetu nyingi humwachia mwanafunzi kwenye Safina, na Safina haina mlango wa biashara. Ndiyo maana neno "salam" likitajwa msikitini, hakuna anayeuliza masharti yake. Wala hatusemi mstaafu afungiwe milango. Kwa anayetaka pa kuweka fedha zake bila riba, Amana Bank ipo tangu mwaka 2011. Na anayetaka kuingia shambani, anunue mashine ya kupulizia dawa, aimiliki na kuikabidhiwa kwanza, kisha amuuzie mkulima kwa bei moja inayojulikana, ilipwe baada ya mnada, isiongezwe hata senti mnada ukichelewa. Mkataba uandikwe na washuhudie wawili, kama ilivyo katika aya ya 282 ya sura hiyo hiyo.