Chupa za Maziwa na Sheria Isiyotajwa

Katika "Breaking the Law", wimbo wa kundi la hevi metali la Judas Priest, sheria inavunjwa mwanzo hadi mwisho, lakini msikilizaji haambiwi ni sheria gani. Hakuna duka lililoporwa, hakuna bunduki wala maiti. Yumo kijana tu asiye na kazi, anayezurura bila pa kwenda, aliyeahidiwa mengi akaambulia patupu, hadi akaamua liwalo na liwe. Hayo yote yanasemwa kwa dakika mbili na nusu, tena bila ule upigaji mrefu wa gitaa peke yake ambao magwiji wa hevi metali hujitambia nao.

Wimbo ulitoka mwaka 1980 katika albamu ya British Steel, na jina hilo halikuokotwa njiani. Judas Priest walitoka West Midlands, eneo la viwanda vya chuma nchini Uingereza. Mwimbaji Rob Halford amesimulia jinsi madawati ya shuleni kwao Walsall yalivyotikisika nyundo za viwandani zilipokuwa zikishindilia. Mpiga gitaa Glenn Tipton aliwahi kuajiriwa na shirika la chuma lenye jina hilohilo, British Steel. Albamu ilipokuwa ikirekodiwa, wafanyakazi wa chuma walikuwa katika mgomo uliodumu miezi mitatu, Januari hadi Aprili. Kiwanda cha chuma cha Bilston, katika eneo hilohilo, kilikuwa kimefungwa mwaka uliotangulia. Kufikia mwanzoni mwa 1982, Waingereza wasio na ajira walifika milioni 3. Watunzi hawakuhitaji ripoti ya serikali ili wamjue kijana wao.

Walirekodia Tittenhurst Park, jumba lililo karibu na Ascot, ambalo lilikuwa la John Lennon kabla ya kuwa la Ringo Starr. Studio ilikuwapo papo hapo, lakini walipendezwa zaidi na mwangwi wa vyumba vya nyumba, wakahamishia kazi humo pamoja na mtayarishaji wao, Tom Allom. Ukaja wakati wa kutafuta mlio wa kioo kinachopasuka na wa king'ora cha polisi, inayosikika ndani ya "Breaking the Law". Mashine za kunasa milio na kuirudia kwa kidijitali zilikuwa hazijaenea. Basi wakachukua chupa za maziwa, wakazivunja, wakarekodi. Na king'ora? Mpiga gitaa mwenzake Tipton, K.K. Downing, alikitoa ndani ya gitaa lake, akiuyumbisha ule mkono mdogo wa chuma unaolegeza na kukaza nyuzi. Katika "Metal Gods", wimbo wa albamu hiyohiyo, trei za vijiko na uma zilitikiswa ili zitoe kishindo cha majitu ya chuma yanayotembea. Watu wazima, wenye mkataba na kampuni kubwa ya muziki, wakihangaika na vyombo vya jikoni!

Leo anayetaka mlio huo anabofya kitufe. Kioo kinapasuka safi kabisa, kama kilivyopasuka katika nyimbo za wengine waliobofya palepale. Ukiuliza nani alikivunja, wapi, na kwa nini, hakuna wa kujibu.

Kilichosahauliwa si ufundi wa studio peke yake. Video ya wimbo huo, iliyoongozwa na Julien Temple, iliugeuza uhalifu kuwa kichekesho: wanamuziki wanapora benki kwa kuelekeza magitaa, na wanachotoka nacho ni rekodi ya dhahabu. Utani ule ulistahili, kwani ubeti ulikuwa umeshasema yake. Lakini katika miaka ya 1990 wale vijana wavivu wa katuni ya Beavis and Butt-Head wakauimba mdundo wake wakiwa wamekaa kwenye kochi, na leo viwanja vizima hupaza kiitikio kwa furaha, kijana asiye na kazi akiwa amepotea katikati ya kelele. Nyimbo nyingi za uhalifu zilizofuata zina damu zaidi na sababu chache zaidi.

Hata anayetaka kuurudia ule ufundi atasumbuka. Muuza maziwa wa kupita nyumba kwa nyumba na chupa za kioo amekuwa adimu Uingereza, na maziwa mengi sasa hununuliwa dukani ndani ya chupa za plastiki. Hizo ukizirusha ukutani zinadunda tu.