Ujuzi ni Mali ya Nani? Uchambuzi wa Mwongozo wa WICI

Kwa miaka mingi tumefundishwa kwamba utajiri wa kampuni ni fedha, mitambo na majengo yake. Leo wahasibu wa nchi zenye viwanda wanasema vingine. Wanakiri kwamba sehemu kubwa ya thamani ya makampuni makubwa imo katika mali zisizoshikika: ujuzi wa wafanyakazi, utafiti, hataza, programu za kompyuta, chapa na imani ya wateja. Kwa sababu hiyo wameungana kutafuta njia moja ya kuzipima na kuzitolea taarifa. Moja ya matunda ya ushirikiano huo ni mwongozo uliotolewa na WICI mwaka 2016. Ni wajibu wetu kuuchambua, maana anayeamua kipi kihesabiwe huamua pia nani ahesabiwe kuwa na haki.

Kwanza tuitazame historia. Mwaka 1994 Skandia, kampuni ya bima ya Sweden, ikiongozwa katika kazi hiyo na Leif Edvinsson, ilitoa taarifa ya mtaji wake wa kiakili pamoja na hesabu za mwaka. Denmark ilifuata kwa kutoa mwongozo wa taifa mwaka 2000, na wizara ya uchumi ya Japani ikatoa wake mwaka 2005. Mwaka 2007 juhudi hizo ziliunganishwa, WICI ikaundwa. Humo waliingia Wajapani, wachambuzi wa masoko ya mitaji wa Ulaya, wasomi na wengineo.

Juhudi hizo hazikuzuka bure. Zimetokana na mgongano uliomo ndani ya uhasibu wenyewe. Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 38, kilichotolewa mwaka 1998, kinakataza kampuni kuandika katika mizania chapa iliyoijenga yenyewe. Lakini kampuni nyingine ikiinunua kampuni hiyo, chapa ile ile huandikwa kwa thamani kubwa. Jana sifuri, leo mamilioni, na hakuna kilichobadilika ila mwenye mali. Yaani kinachotambuliwa si kazi iliyoijenga chapa, bali ni tendo la kuinunua.

Hali ya wafanyakazi inafundisha zaidi. Kiwango hicho kinasema kwamba kwa kawaida kampuni haina mamlaka ya kutosha juu ya ujuzi wa wafanyakazi wake, hivyo ujuzi huo hauwezi kuwa mali katika mizania. Hapa uhasibu umesema kweli bila kukusudia: ujuzi ni wa mtu, haununuliwi kama mtambo. Lakini tazama matokeo yake. Fedha za kufundisha wafanyakazi huandikwa kuwa gharama, na gharama hupunguza faida ya mwaka. Basi meneja anayetaka kuonyesha faida hukata mafunzo kwanza, na vitabu vya hesabu humsifu.

Hapa ndipo mwongozo wa WICI una nguvu, nasi hatuna budi kuikubali. Unaitaka kampuni ieleze ujuzi wa watu wake, mipango yake ya kazi na uhusiano wake na wengine, na ithibitishe kwa vipimo, si kwa maneno matupu. Kampuni inayofuata mwongozo huo haiwezi kuficha kwa urahisi kwamba imeacha kufundisha watu.

Hata hivyo, mwongozo una kasoro tatu. Kwanza, ni wa hiari. Kampuni huchagua cha kusema, na anayechagua husema mazuri. Pili, msomaji anayekusudiwa hasa ni mwenye mtaji anayetaka kujua kampuni itazalisha thamani kiasi gani kesho. Mfanyakazi anaonekana humo kama kitu kinachopimwa, si kama mtu anayesomewa hesabu. Tatu, na hili ndilo kubwa, fikra nzima tangu Skandia imegawa mtaji wa kiakili mafungu mawili: ule ulio kichwani mwa mtu, na ule unaobaki kazini watu wakirudi nyumbani. Shabaha ya uongozi imekuwa kuhamisha wa kwanza uwe wa pili. Fundi huandikiwa utaratibu, siri ya mkono wake huingia katika kitabu au programu, na tangu hapo inakuwa ya kampuni. Mwongozo unaupima uhamisho huo bila kuuliza fundi amelipwa nini.

Swali hilo hilo liko kati ya mataifa. Wakulima wa Ethiopia ndio walioyapa sifa majina ya kahawa ya Sidamo, Harar na Yirgacheffe kwa vizazi vingi. Lakini ilibidi mwaka 2005 serikali yao iombe Marekani iyasajili, na ni baada ya mabishano tu ndipo Starbucks ilipotia saini mkataba wa leseni mwaka 2007. Sifa ilikuwapo siku zote. Kilichokosekana ni hati.

Jambo hili linatuhusu. Makampuni ya Tanzania yamekuwa yakifuata viwango vya kimataifa tangu mwaka 2004, na mwaka 2024 bodi inayovitunga ilianza kupitia upya kanuni za mali zisizoshikika. Mashirika ya umma hayana haja ya kungoja matokeo. Kada aliye katika bodi ya shirika na aulize mambo manne kila mwaka: wangapi wamefundishwa, kwa fedha kiasi gani, wangapi wenye ujuzi wameondoka na kwa nini, na majina na uvumbuzi wetu vimesajiliwa kwa jina la nani. Majibu yasomwe katika baraza la wafanyakazi kabla hayajapelekwa kwa mkopeshaji. Kipimo kisichorudishwa kwa aliyepimwa hakimsaidii. Humweka tu mkononi mwa anayepima.