Nyota Iliyoyumba Kila Baada ya Siku Nne

Michel Mayor na mwanafunzi wake Didier Queloz, wa Chuo Kikuu cha Geneva, walipotangaza Oktoba 1995 kwamba nyota 51 Pegasi ina sayari, hawakuwa wameiona. Nyota hiyo iko umbali wa miaka ya nuru ipatayo 50, na mng'ao wake humeza kila kilicho karibu nayo. Walichokipima ni nyota yenyewe. Sayari huivuta nyota yake, nayo nyota huyumba: ikitujia, mistari ya giza katika wigo wa rangi za mwanga wake husogea upande wa buluu, ikitupa kisogo, husogea upande wa nyekundu.

Husogea kiasi gani? 51 Pegasi iliyumba kwa kasi ya mita 59 hivi kwa sekunde, ilhali mwanga huenda kilomita 300,000. Kwenye kamera, hiyo ni sehemu ndogo mno ya pikseli moja, na ukitazama mstari mmoja hutaambulia kitu. Spektrografu yao, ELODIE, iliyofungwa kwenye darubini ya mita 1.93 huko Haute-Provence, Ufaransa, ilipima maelfu ya mistari kwa pamoja. Mwanga wa nyota ulipita kwenye uzi mmoja wa kioo, na wa taa ya thoriamu kwenye uzi wa pili, wakati uleule. Joto likibadilika ndani ya chombo, mistari ya taa nayo husogea, na kosa hilo huondolewa. Bado kuna mwendo wa Dunia yenyewe, kilomita 30 kwa sekunde, mara 500 ya kinachotafutwa. Nao hukokotolewa na kutolewa.

Ila kwa maoni yangu, mchezo uliamuliwa na kompyuta. ELODIE ilitoa kasi ya nyota dakika chache tu baada ya kuipima. Huko California, Geoffrey Marcy na Paul Butler walikuwa na mbinu nzuri pia, ya kupitisha mwanga kwenye mvuke wa ayodini, lakini hesabu zake zilikuwa nzito na data zikarundikana. Haraka ya nini? Mshtarii hulizunguka Jua kwa karibu miaka 12, na sayari kubwa zilitarajiwa kwenda mwendo huo. Otto Struve alikwisha kuandika mwaka 1952 kwamba sayari kubwa yaweza kuwa jirani kabisa na nyota yake. Wazo hilo halikupanga ratiba ya mtu.

Queloz alipoona namba zinabadilika usiku hadi usiku, alishuku chombo kwanza. Hesabu zikasema sayari yenye mzunguko wa siku 4.2, na uzito usiopungua karibu nusu ya Mshtarii. Wakasubiri hadi Julai nyota ilipoonekana tena, wakiwa wamekwisha kukokotoa kasi itakayokuwa nayo kila usiku. Vipimo vikaangukia palepale.

Marcy na Butler walithibitisha ndani ya siku chache. Kisha wakaipa kompyuta rundo lao la zamani, na Januari 1996 wakatangaza sayari mbili zaidi.